Maji ya Nsimire

Tulipotoka kumzika Maman Riziki tuliteremka kwa miguu hadi nyumbani kwake, na kitu cha kwanza nilichokiona langoni kilikuwa beseni. Lilikuwa beseni la plastiki, la bluu, limewekwa juu ya kigoda, na pembeni yake alisimama mjukuu wa marehemu ameshika kikombe. Watu walijipanga bila kuambiwa. Ndivyo tunavyofanya Bukavu na katika vilima vyote vinavyoizunguka: ukitoka kaburini huingii uwanjani kwa wafiwa kabla hujanawa. Unamiminiwa maji, unasugua viganja, unakung'uta vidole, unapita. Hakuna anayelifikiria jambo hilo, kama vile hakuna anayefikiria kuvua viatu anapoingia kulala. Mbele yangu wanaume walikuwa wakinawa huku wakizungumza habari za bei ya saruji. Zamu yangu ilipokaribia nikajitoa kwenye mstari, nikajifanya natafuta simu mkobani, nikaenda kusimama kwenye ukuta wa jirani. Nilikuwa na tiketi ya basi la kesho yake asubuhi, la kuteremka kwa njia ya Luvungi hadi Uvira. Niliwaza kwamba nikikaa pale ukutani muda wa kutosha, watu wataingia wote, beseni litaondolewa, nami nitawasalimia wafiwa nikiwa barabarani kisha niende zangu.

Mimi ni mtu wa kuhama. Nina zaidi ya miaka arobaini na sijawahi kumiliki kitanda kizito. Nimeuza vitenge, vile tunavyoviita vikwembe, Uvira, nimeuza dagaa Kalemie, nimepanga chumba Bujumbura, Kigoma, Goma, halafu tena Kalemie, na kila mji nilioondoka nimeukumbuka kwa uchungu mara tu nilipofika katika mji mwingine. Wenye nyumba wangu wote wamenishangaa kwa tabia moja. Saa sita ya mchana huwa sikai ndani. Nikiwa napika, naacha chungu motoni. Mvua ikinyesha, nasimama chini ya upenu, mgongo ukutani, mpaka saa hiyo ipite. Wakiniuliza nasema ndani kuna joto, na Goma, ambako hakuna joto, nilisema nina kifua. Tabia hiyo niliipata mwaka mmoja, Bukavu, katika jumba la kuchagulia kahawa pale Nyalukemba, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na kuitwa Shefu, yaani msimamizi.

Jumba lile lilikuwa upande wa chini wa barabara, na ukisimama mlangoni uliliona ziwa katikati ya nyumba mbili za watu wenye uwezo. Lilikuwa refu, lenye paa la bati na madirisha yaliyowekwa juu sana, kama aliyelijenga hakutaka mtu aliye ndani aone nje. Katikati ilikaa meza moja ndefu ya mbao, na pande zake mbili walikaa wanawake juu ya vigoda. Kahawa ilimwagwa mezani ikiwa haijakaangwa, ya kijani, yenye harufu ya nyasi kavu na ya gunia, na kazi yetu ilikuwa kutoa punje mbaya: nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Kila mmoja aliweka miguuni kopo tupu la maziwa ya unga, na punje mbaya ilitupwa humo. Tak. Kwa wiki chache za kwanza sauti hiyo ilinichosha kichwa. Baadaye nilijua kila mtu kwa kopo lake, hata nikiwa nimewapa mgongo. Maman Riziki alitupa kwa nguvu kama mtu anayefukuza kuku. Faida alitupa ovyo, tak, tak, tak, halafu kimya kirefu cha kuongea. Na Nsimire, aliyekaa kwenye kona karibu na mlango wa nyuma, alisubiri mpaka apate punje mbili, akazitupa pamoja. Tak-tak. Kimya. Tak-tak. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo.

Nilipewa ekipe ile, kundi lile la wachaguaji, niiongoze kwa sababu nilikuwa nimemaliza sekondari na nilijua kusoma mizani. Siku patron, mwenye jumba, aliponitambulisha, Maman Riziki hakusubiri atoke. Alisema huku mikono yake ikiendelea kuchagua, "Miye mama ya batoto sita, nitaongozwa na kamutoto kenye hakajui ata kupika maharagi." Wote walicheka, nami nikacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichonisaidia. Faida, ambaye tulilingana umri, alinifundisha sheria za mahali pale siku ileile. "Shefu, ukitupigia kelele, tutakuita Maman. Ukituletea bignye za kula na chai, tutakuita Patron. Ukifanya yote mbili siku moja, tutakutafutia bwana." Saa sita tulikula nyuma, kwenye uwanja wa saruji, bugali na maharagi, na siku za Ijumaa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa wakavu, tukiwa tumezunguka sahani mbili kubwa, kila mtu akimega kwa mkono wake. Nimekula katika hoteli tangu wakati huo. Sijapata tena bugali kama lile.

Nsimire aliumwa siku chache tu. Alitoka kazini akilalamika kichwa, na tuliposikia tena habari zake ilikuwa ni habari ya mwisho. Kwao kulikuwa Walungu, na mama yake alitaka azikwe huko, katika migomba ya familia. Patron alifanya jambo jema, nalo nalisema mpaka leo: alitoa kamio, lori lake la magunia, akatubeba ekipe nzima, yeye mwenyewe akakaa mbele na dereva. Tulifika wakati jeneza tayari linateremshwa. Kila mmoja wetu aliinama, akachota udongo, akautupa. Udongo wa kule ni mwekundu na ulikuwa umelowa, ulishika viganja kama unga wa bugali. Kabla nyimbo hazijaisha wingu lilisimama juu ya kilima na dereva akaanza kupiga honi, kwa sababu barabara ile ikilowa kamio haipandi. Nyumba ya mama yake ilikuwa upande wa pili, juu. Sisi tulishuka moja kwa moja katikati ya migomba hadi barabarani, tukapanda. Namkumbuka mwanamke mmoja wa pale akikimbia nyuma ya kamio, akipunga mikono yote miwili. Nasi tulimpungia.

Tulipofika Nyalukemba jua lilikuwa bado liko juu kidogo. Patron alishuka, akaangalia saa yake, akasema magunia yanasubiri. Hakusema kwa ubaya. Mteja alikuwa ameshatoa siku ya kuja kuchukua mzigo, na kila mtu mle alijua kwamba jumba lile lilikula kwa mteja yule mmoja tu. Tukakaa. Tukaingiza mikono katika kahawa. Nakumbuka punje za kijani zikiwa na alama nyekundu mbele ya kila mtu, na Faida akizifuta kwenye kikwembe chake bila kusema neno, yeye ambaye hakujua kunyamaza.

Siku chache baadaye tulikuwa tunakula nje kama kawaida. Wote tulikuwa pale, hata Papa mlinzi, ambaye alikula peke yake kwenye ngazi. Maman Riziki alikuwa anatusimulia habari za mume wake. "Aliniolea mikono yangu. Alisema, muke huyu anajua kazi. Sasa mikono imeisha, amebaki na sura, na sura hakuiangaliaka ile siku." Tulikuwa tunacheka. Na katikati ya kicheko, kutoka ndani ya jumba, kwenye kona ya mlango wa nyuma, tukasikia: tak-tak. Kimya. Tak-tak. Mkono wa Faida ulisimama hewani na tonge. Hakuna aliyeuliza nani yuko ndani. Tulitazamana usoni mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayepima gunia. Mimi nilikuwa Shefu. Nilisimama, nikaenda, nikasukuma mlango. Ndani kulikuwa na meza, vigoda, na mwanga uliokuwa ukishuka kutoka yale madirisha ya juu. Kopo la Nsimire lilikuwa mahali pake. Sikutazama ndani yake.

Patron alisema ni mabati. "Jua ikipiga, mabati inanyooka. Inalia." Faida akamjibu kwa adabu yote, "Patron, mabati yako imejifunza lini kuchagua kahawa?" Lakini ilikuja siku ya mawingu, baridi, na sauti ikaja vilevile, saa ileile. Haikuja asubuhi, haikuja jioni. Ilikuja tulipokuwa nje tunakula, na ilikoma mlango ulipoguswa.

Nilifanya yale niliyoweza kuyafikiria. Nilihamisha meza, nikaigeuza ili kona ile ibaki bila mtu. Niliweka desturi kwamba kila asubuhi mmoja wetu aanze kazi kwa kusimulia jambo la kuchekesha, na kwa siku kadhaa jambo hilo lilishika, tulichagua kahawa machozi yakitutoka kwa kicheko, mpaka jua lilipokaribia katikati na midomo ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Nilileta nyimbo za kanisani. Waliimba vizuri, kisha wakaanza kuacha nafasi ndogo mwishoni mwa kila ubeti, nafasi ya kusikiliza. Patron akaleta mwanamke mgeni wa kujaza pengo, akamkalisha kwenye kigoda cha Nsimire kwa sababu ndicho kilichokuwa tupu. Alikuwa mtu mpole wa mtaa wa Kadutu, hakuwa amesikia lolote, nasi tuliapa kutomwambia. Kabla ya chakula alisimama, akafunga kitambaa chake vizuri, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shefu, mwenye kiti hiki arudie tu. Nikisukuma punje upande huu, nazikuta upande ule. Miye sina ugomvi naye." Akaondoka, hakurudi. Baada yake wakaondoka ndugu wawili waliokuwa wakikaa pamoja mwisho wa meza. Hawakuaga. Makopo yao yalibaki chini, moja ndani ya jingine.

Kuna jambo jingine nililoliona nami sikulielewa. Vijiko. Siku moja Maman Riziki alikuja na kijiko katika kikwembe chake, akakifungua wakati wa kula, akala bugali kwa kijiko, mwanamke ambaye alikuwa akituambia kwamba bugali la kijiko ni la wagonjwa. Kesho yake kulikuwa na vijiko vingine. Mwisho wa juma hata sahani kubwa hazikutumika tena, kila mtu alikula kwake, amegeuka kidogo. Na patron, ambaye alipenda kusalimia kwa mkono hadi mlinzi, sasa alisalimia kwa kichwa, mikono yote miwili mifukoni. Niliona ekipe yangu inafunguka kama mfuko ulioshonwa vibaya, nami nilikuwa nikitafuta uzi mahali pasipokuwa nao.

Patron aliniita katika chumba chake, kile chenye mizani ndogo na kalenda ya zamani. Alisema kwa upole, na upole huo ulinitisha kuliko kelele. "Mteja anakuja. Nikipoteza mwanamuke mwingine mumoja, sitangoja. Nitaleta ekipe ingine kwa kamio, na ninyi bote mutaenda nyumbani. Haiko roho mbaya, Shefu. Weye mwenyewe unaona." Niliona. Niliona pia Maman Riziki na watoto wake sita, na Faida aliyekuwa akimlea dada yake, na wengine ambao hapakuwa na jumba lingine mjini la kuwapokea kwa ujuzi huo wa vidole tu. Nilitoka nikakaa nyuma ya jiko, juu ya magunia tupu, nikaegemea ukuta wa mbao. Upande wa pili walikuwa wakiosha sufuria. Hawakujua niko pale.

"Weye unakulaka na kijiko tangu lini?" Huyo alikuwa Faida.

"Tangu Walungu," Maman Riziki akajibu.

"Na miye vilevile."

Sufuria ilisuguliwa kwa mchanga, muda mrefu.

"Shefu iko najua?"

"Shefu anafikiri tuko najifunza kizungu."

"Maman."

"Nini?"

"Hatukunawa."

"Nyamaza, Faida."

"Hatukunawa, Maman. Tulitoka kwa kaburi, tukaweka mikono mu kahawa. Udongo ilikuwa ingali hapa." Nadhani alimwonyesha, kwa sababu Maman Riziki alisema, "Shusha mukono yako. Nimeona. Yangu vile iko hivyo."

Nilitazama viganja vyangu. Nilikuwa nimevisugua kwa sabuni kila siku, kama mtu yeyote, nami nilikuwa safi. Lakini pale juu ya magunia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, niliuona mkono wangu kama kitu nilichoazimwa. Nilimkumbuka mwanamke aliyekimbia nyuma ya kamio.

Nilirudi kwa patron, nikamwambia nahitaji kwenda Walungu. Akasema hapana. Nikamwambia kwa nini. Akatazama kalenda, mikono mifukoni. Halafu akasema, "Ukienda kesho, hautakuta hasira yangu tu. Utakuta ekipe ingine." Jioni, watu wakitoka, nilimvuta Maman Riziki kando nikamwachia jumba. Aliuliza, "Na bakikataa kuingia?" Nikamjibu, "Bakatae pamoja. Mukae fasi moja tu, ata kama ni inje. Na Faida akatafute bale ndugu wawili na yule mama ya Kadutu. Bakuje." Huyo wa Kadutu hakuwa hata Walungu siku ile, lakini alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono yake ilikuwa imeingia katika kahawa ileile.

Basi dogo lilinishusha Walungu sokoni asubuhi, nikapanda kilima kwa miguu. Migomba ilikuwa kimya. Nilipitia kaburini, udongo ulikuwa umeanza kukaa. Kisha nikafika nyumbani kwao, na langoni, juu ya jiwe, lilikuwepo beseni. Lilikuwa la bati lenye rangi nyeupe na ukingo wa bluu, limejaa maji hadi karibu na ukingo. Mama yake Nsimire alikuwa amekaa kando yake kwenye kigoda, akitoa jani lililoanguka ndani. Alilitoa kwa ncha za vidole, bila kugusa maji.

"Koko, jambo," nikasema, kama tunavyowaita akina bibi. "Ni miye wa kazi ya Nsimire."

"Najua. Benzako bako wapi?"

"Bako Bukavu."

"Nilituma mutu akimbie nyuma ya kamio. Akarudi akasema mulimupungia mukono." Hakusema kwa hasira. "Hapa banasema nimwange hii maji. Namwangaje? Batu bangali habajanawa."

Nilisema tumekuja kuomba msamaha, ingawa nilikuwa peke yangu. Alisogeza kichwa, akaniashiria nikae chini karibu naye, na tukakaa hivyo tukilitazama beseni. Jua lilikuwa linapanda. Hapakuwa na upepo. Majani ya migomba yalining'inia yakiwa hayatikisiki hata kidogo. Kulipokaribia saa sita alinishika goti na kusema, "Angalia." Uso wa maji ulitikisika. Duara dogo lilianza katikati likaja hadi ukingoni, likapotea, na likaja lingine. Kama mtu anayechovya vidole viwili kwa wakati mmoja. "Kila siku," alisema. "Mutoto yangu alipendaka kazi iishe."

Aliingia ndani akatoka na bidoni, dumu dogo la njano, na kikombe cha bati. Aliniuliza, "Muko bangapi?" Niliwataja mmoja mmoja, kila jina na mahali anapokaa mezani, kwa sababu ndivyo nilivyowajua. Nikamtaja yule wa Kadutu, dereva, na patron. Kwa kila jina alichota kikombe kimoja, akakimimina katika bidoni polepole pasipo kumwaga tone. "Njo bote?" akauliza, kama hao ndio wote. "Njo bote, Koko." Akaniambia maji hayo nisiyaongeze na mengine. Kisha akalinyanyua beseni, akamwaga yaliyobaki kwenye shina la mgomba, akalipindua juu ya jiwe. Aliingia ndani na kufunga mlango. Hakuniaga.

Niliposhuka Nyalukemba mchana ulikuwa umeanza kuinama. Wanawake wangu walikuwa barabarani, wamekaa kando ya ukuta wakiwa wamebanana, hata wale ndugu wawili na yule wa Kadutu. Mlango wa jumba ulikuwa wazi na ndani hapakuwa na mtu. Mbele ya lango ilisimama kamio, juu yake wanawake nisiowajua, na kila mmoja alikuwa na kopo lake. Patron alikuwa anazungumza na dereva. Aliponiona na bidoni, akageuka kunitazama.

"Hii ni nini?" mmoja wa wale wageni aliuliza kutoka juu ya kamio.

Maman Riziki alisimama, akakung'uta kikwembe chake. Alimweleza yote, kwa sauti ambayo ingesikika hadi ziwani: kaburi, wingu, honi, kahawa, kopo la kona. Alipomaliza, yule mgeni akavuta mguu wake uliokuwa tayari umeshaning'inia nje, akaurudisha ndani. "Patron," alisema, "miye humu siingie. Kwanza banawe." Mwenzake akaongeza, "Bote. Na mwenye kubapeleka, vilevile."

Niliomba beseni jikoni nikaliweka langoni. Nilichota kikombe cha kwanza, na Maman Riziki akaja na mikono yake mbele. Nilimmiminia. Alisugua taratibu, akakung'uta, akapita. Akaja Faida, naye hakufanya mzaha wowote. Wakaja wengine, mmoja mmoja, kikombe kimoja kimoja, na maji yalitosha kama alivyopima yule mama. Dereva alinawa. Alibaki patron. Alisimama pale muda mrefu, wanawake wa pande zote mbili wakimtazama, nami nikiwa nimeinua kikombe mpaka bega likaniuma. Kama angegeuka akaondoka, ekipe zote mbili zingeondoka, na hata jumba lenyewe nadhani lingebaki tupu mpaka leo. Akatoa mikono mifukoni. Viganja vyake vilikuwa vimebabuka, vimepasuka kati ya vidole, kama mikono ya mfua nguo.

"Nanawaka na sabuni," aliniambia, mimi peke yangu. "Kila saa. Haitoke."

Nilimmiminia. Kikombe chake kilikuwa cha mwisho, niliigeuza bidoni juu chini nayo haikutoa kitu. Aliwaomba wale wageni msamaha, akamwambia dereva awarudishe kwao, akaingia ndani mbele yetu, akakaa kwenye kigoda cha mwisho wa meza kuchagua kahawa, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya. Wengine wakaingia. Sauti za makopo zikaanza. Maman Riziki alisimama mlangoni akageuka, akanitazama nikiwa na kikombe kikavu mkononi.

"Na weye, Shefu?"

"Miye niko muzuri, Maman. Tuingie."

Kesho yake vijiko havikuonekana. Tulikula nje, mikono yote katika sahani mbili kubwa, tukasukumana viwiko tukigombea maharagi. Saa sita ikafika na hakuna aliyesema kitu, lakini matonge yalipungua kasi. Tulisikiliza. Faida alikuwa wa kwanza kutabasamu. "Ameenda," alisema. Nyuso zote zikageukia kwangu, kwa sababu nilikuwa Shefu, na neno langu ndilo lingekaa. Kutoka kwenye kona ya mlango wa nyuma, hafifu kuliko zamani, nilisikia tak-tak. Kimya. Tak-tak. Niliangalia kila uso. Hakuna mwingine aliyesikia.

"Ameenda," nikasema, nikamega tonge.

Mzigo ulikamilika. Mteja alikuja, akaridhika, ekipe ikabaki nzima, na nilisikia kwamba iliendelea kubaki nzima kwa miaka mingi, mpaka mashine ilipokuja. Mimi niliondoka kabla mwaka haujatimia tangu mazishi yale. Niliwaambia nimepata kazi Uvira. Sikuwa nimepata.

Haya yote niliyapitia akilini nikiwa nimesimama kwenye ukuta wa jirani wa Maman Riziki, simu mkononi, bila kumpigia mtu. Mstari wa langoni ulikuwa umekwisha. Mjukuu alikuwa anaangaza huku na huku, kikombe mkononi, kama aliyesahauliwa kuambiwa aache. Kisha nikamwona Faida akija, amenenepa, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, akitembea kama mtu aliyekuja kukusanya kuku.

"Unajificha sababu ya nini?"

"Sijifiche. Natafuta namba."

"Namba ya nani? Batu yako bote bako humu ndani." Alinishika kiwiko. "Sikia. Tulinawa bote siku ile, ila weye. Unafikiri hatukuona? Maman Riziki alisemaka kila tukikutana: kale kamutoto kalipima maji ya bote, kakajisahau. Njo maana haukalake fasi moja. Mbele ya kufa alituambia beseni yake isimwangwe kama Shefu hajafika."

"Faida, hii ni maji ya Maman Riziki. Haiko ya Nsimire."

"Bako fasi moja sasa," alisema Faida. "Batagawana."

Alimpokonya mtoto kikombe. Nilinyoosha mikono. Maji yalikuwa ya baridi kuliko nilivyotazamia, nilisugua viganja, nikapitisha vidole kati ya vidole, na Faida akachota tena, akanimiminia tena, mara ya pili, ambayo haikuwa desturi. Kisha akalinyanyua beseni peke yake na kumwaga maji chini ya ukuta.

Basi la asubuhi liliondoka bila mimi. Saa sita ya mchana wa siku hiyo nilikuwa katika chumba ambacho Faida alinipa, kitandani, mlango nimeufunga mwenyewe. Nje watoto walikuwa wameitwa kula na uwanja ulikuwa kimya. Niliweka mikono magotini, nikasikiliza. Sikusikia kitu. Nikaendelea kusikiliza.